Padri, Unatoka Lini Jandoni?

Jumapili moja ya mwezi wa Julai nilirudi Newala kwa likizo fupi, nikamkuta bibi mmoja wa mtaa wetu amekaa chini ya mkorosho nje ya kanisa, fimbo yake imelala magotini. Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba, kisha bila hata kuniuliza habari za safari akasema: "Padri, wewe huko jandoni unatoka lini? Watoto walioingia kumbini mwaka ulioondoka wameshapona, wameshatoka, wengine wanaanza kuota ndevu. Wewe bado umo tu." Watu waliokuwa karibu wakacheka. Nami nikacheka. Lakini usiku ule sikupata usingizi.

Nilikuwa mwaka wa tatu wa shahada ya uzamili ya theolojia, ambayo kwa ratiba huchukua miaka miwili. Tasnifu yangu ilikuwa imeandikwa, imerudishwa, imeandikwa tena, na sasa ilikuwa mikononi mwa mkaguzi nisiyemjua jina. Bibi hakujua kwamba hiyo tasnifu yenyewe inahusu jando, yaani jando la Kikristo ambalo Dayosisi ya Masasi imejulikana kwalo duniani kwa karibu miaka mia moja. Kwa hiyo utani wake ulinigusa mara mbili.

Wanaodhani kwamba mwanafunzi wa theolojia anaogopa mtihani tu hawajakaa naye nyumba moja. Mke wangu anaweza kuwasimulia. Kila simu ikilia nilidhani ni msimamizi wangu. Nilikuwa naamka saa tisa usiku kuangalia kama barua pepe imeingia, kana kwamba wakaguzi nao hawalali. Nikisali Zaburi za asubuhi, katikati ya mstari nakumbuka tanbihi niliyosahau kuweka. Na chini ya hayo yote kulikuwa na hesabu nyingine: kila msimu wa mnada wa korosho walikuwapo waumini waliotenga kilo kadhaa kwa ajili ya ada yangu. Mtu anayehangaika kupata maji huku juu ya uwanda, ambaye mwaka mwingine korosho zake huoza kwa mvua ya kabla ya wakati, ametoa kilo tano ili mimi nisome. Nitamrudishia nini? Kurasa mia moja na ishirini za Kiingereza?

Makala haya lakini si ya kusimulia mateso yangu. Nataka kuzungumzia maandishi niliyokaa nayo kwa miaka hiyo mitatu, maana yanatuhusu sisi wa Masasi na Newala kuliko yanavyowahusu wengi wanaoyasoma. Waumini wetu wana haki ya kujua yameandika nini juu yao, na wapi yamekosea.

Wote tunajua mwanzo. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere alitoka Unguja na watu waliokombolewa utumwani, nia ikiwa kuwarudisha kwao upande wa Nyasa, na wengi wakaishia Masasi. Mwaka 1882 Magwangwara wakaivamia misheni, na Chauncy Maples akahamia Newala. Misheni ile ilikaa katikati ya Wayao, Wamakua na Wamakonde, na wote hao walikuwa na jando. Mtoto asiyepita huko alibaki mtoto hata akiwa na mvi. Swali likawa: je, kijana Mkristo aende, na akienda, aende kwa nani? Huko kumbini kulikuwa na unga wa tambiko chini ya mti, dawa za kumlinda mwari, na nyimbo ambazo mmisionari akizielewa alikuwa mwekundu hadi masikioni.

Jawabu la Masasi linaandikwa kwa jina la mtu mmoja, William Vincent Lucas, askofu wa kwanza wa dayosisi yetu kuanzia 1926 hadi 1944. Maandishi yake mawili yanatajwa kila mahali: makala ya 1927 kuhusu faida ya jando na unyago katika malezi, na sura aliyoandika mwaka uliofuata kuhusu namna Mkristo anavyopaswa kuzikabili mila zisizo za Kikristo. Hoja yake ni rahisi kuieleza. Mila si za kufutwa, ni za kutakaswa. Jando ni shule ya watu, linafundisha heshima, uvumilivu na kuishi na wenzako. Ondoa kilicho kiovu, weka sala mahali pa tambiko, simamisha msalaba penye mti wa mababu, ngariba awe Mkristo, padri awepo, na siku ya kutoka wari waje kanisani kwa Misa wakiwa na nguo mpya.

Nampenda Lucas, nasema wazi. Mwaka 1929, alipokuwa anaendeleza jambo hili kwetu, kule Kenya wamisionari na Wakikuyu walikuwa wanagombana juu ya kuwakata wasichana, na makanisa yakagawanyika, shule zikagawanyika. Suala lao lilikuwa tofauti na letu, maana kwetu unyago si wa kisu, na sidhani kama njia ya Lucas ingewafaa. Lakini ukiyasoma maneno ya siku zile yaliyoandikwa na wageni juu ya mila za Waafrika, halafu ukamsoma Lucas, unasikia mtu anayeongea juu ya binadamu wenzake. Anaandika vizuri pia. Sentensi zake zinakwenda kama mtu anayejua njia.

Ndipo penye tatizo. Zinakwenda kwa uhakika mno. Katika usomaji wangu wa kwanza nilipofika ukurasa wa mwisho nilimkumbuka Askofu peke yake, akichagua: hili libaki, hili liondoke. Nilimwona kama fundi aliyeshika jembe na palizi lote ni lake. Nikajiuliza, huyu Mwingereza alijuaje kilichomo kumbini? Mwanamume asiyepita hapo haambiwi. Wamakonde hawafungui likumbi kwa mgeni, na Wayao hawafungui lupanda, hata mgeni awe na fimbo ya kiaskofu. Kuna mtu alimwambia. Kuna mtu alikaa naye usiku akamweleza wimbo huu maana yake nini, na upi unaweza kuimbwa mbele ya altare na upi hauwezi. Mtu huyo hayupo mbele ya msomaji.

Mwaka 1972 Terence Ranger, mwanahistoria aliyewahi kufundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alichapisha makala iliyoliita jambo hili "kesi ya Masasi", katika kitabu alichohariri pamoja na Profesa Isaria Kimambo. Kesi ndilo neno lililobaki. Tangu hapo, popote wasomi wanapotaka mfano wa Kanisa kujaribu kuvaa mila za watu, Masasi inaitwa kizimbani. Kwa mwanafunzi anayetoka huku inashangaza kidogo kufungua kitabu chuoni na kukuta kijiji cha shangazi yako kimekuwa mfano.

Ranger anafanya mambo mawili ambayo Lucas hakuyafanya. Kwanza anauliza kama mpango ulifaulu, na kwa nani. Ndiye aliyenionyesha kwamba upande wa wavulana mambo yalikwenda kuliko upande wa wasichana. Unyago ulikuwa wa wanawake, ukiongozwa na wanawake, na hao hawakuwa na padri wa kike wa kuketi nao. Malango ya Kikristo, unyago uliotengenezwa na Kanisa, yalikuta akina mama wakiendelea na lao. Pili, Ranger alisoma kumbukumbu za Kanoni Kolumba Msigala, padri wa kwetu aliyeziandika uzeeni, ambazo zilihifadhiwa katika nyaraka za UMCA huko Uingereza. Kwa njia hiyo sauti ya Mwafrika inaingia.

Lakini inaingia kama shahidi anavyoingia mahakamani. Anajibu alichoulizwa kisha anaambiwa keti. Ranger ana swali lake kubwa kuhusu dini za Afrika na wamisionari, na Msigala anasaidia kulijibu. Sikumlaumu sana kwa hilo mpaka nilipogundua kwamba tasnifu yangu inafanya vilevile.

Mwaka 2008 Anne Marie Stoner-Eby, Mmarekani aliyekuwa ameandika tasnifu ya udaktari juu ya viongozi Waafrika wa Kianglikana wa sehemu zetu kati ya 1876 na 1926, alirudi kwenye kesi hiyohiyo na kuuliza swali ambalo bibi yeyote wa Newala angeuliza: nani alianza? Jibu lake ni kwamba mapadri Waafrika ndio walioliona jambo hili mapema na kulitenda, kabla Lucas hajawa askofu na kabla hajaandika kitu. Lucas aliwasikiliza, akawatetea, akaieleza dunia. Basi sifa iliyompata Lucas peke yake igawanywe upya.

Siku nilipoisoma makala hiyo niliondoka maktaba, nikaenda kukaa nje. Nilifurahi, na furaha yangu ilikuwa na uchungu ndani. Uchungu wenyewe ni huu: jambo lililofanywa na mapadri wetu, ambao wajukuu zao tunakaa nao kwenye benchi moja kanisani, nimelijua kwa msaada wa mwanamke wa Marekani, kwa lugha ya Kiingereza, katika jarida ambalo kulisoma lazima uwe na namba ya siri ya chuo. Alifanya kazi ya heshima na namshukuru. Sisi tulikuwa wapi? Kumbukumbu za Msigala sijapata kuziona kwenye meza ya vitabu nje ya kanisa lolote huku kwetu. Tunauza kalenda na rozari.

Msomaji aniruhusu niseme pia kwamba hatukuanza leo kuandikwa na wapita njia. Mwaka 1906 Mjerumani Karl Weule wa Leipzig alikaa Newala na mashine ya kunasa sauti, akanasa nyimbo na kutazama unyago, akajaza daftari zake, akaondoka. Kila ninaposimama pale Shimo la Mungu, uwanda unapokatika ghafla na bonde la Ruvuma linaonekana chini hadi macho yachoke, nawaza kwamba sauti za nyanya zetu zilipandishwa meli zikiwa ndani ya nta, na hakuna aliyewaambia zinakwenda wapi.

Sasa nije kwenye maandishi ya nne, ambayo ni yangu. Nitayahukumu kama nilivyowahukumu wenzangu.

Sura ya kwanza haina neno. Sura ya pili ni gwaride la majina, kila msomi anapita, anapigiwa saluti, anaondoka. Niliiandika kwa woga na inanuka woga. Mwanafunzi anayekaribia kumaliza huwa hivyo: hataki kusema jambo bila kumshika mtu mkubwa mkono. Sura ya tatu nimeweka Matendo 15, ule mkutano wa Yerusalemu uliojadili kama Mataifa walioamini watahiriwe. Nadhani hapo nilipata kitu. Pale Yerusalemu wenye mila walitaka wageni wazifuate, na Kanisa likawapunguzia mzigo. Masasi iligeuzwa: wenye mila ndio waliokuwa waongofu, na mgeni ndiye aliyekaa na kuamua. Ila pale Yerusalemu Petro alisimama akaeleza aliyoyaona mwenyewe, na Paulo na Barnaba wakaeleza yao, na mkutano ukanyamaza kusikiliza. Niliandika kwamba mapadri wetu wa zamani ndio waliokuwa na la kueleza. Halafu sikuwaachia nafasi ya kueleza.

Maana sura ya nne, ambayo ndiyo ya watu wenyewe, ina kurasa kumi na nane tu. Nilizungumza na wazee wanaume na akina mama wa Masasi na Newala, miongoni mwao yule bibi wa chini ya mkorosho. Alinisimulia saa tatu nzima: walivyofundishwa, nani aliwafundisha, walichoambiwa kanisani wasifanye, na walichofanya. Alisimulia mengine akiwa amegeuza uso pembeni, kwa kuwa mimi ni mwanamume tena padri, na mengine akasema hayo hayaandikwi, nami sikuyaandika. Rasimu iliporudi, pembeni mwa maelezo yake mkaguzi alikuwa ameandika kwa wino mwekundu: chanzo kiko wapi? Makala ya Lucas ya 1927, mtu ambaye hajawahi kuingia unyagoni, haikuwekewa swali hilo.

Ningeweza kukasirika na kuishia hapo. Lakini mkaguzi alikuwa na sababu moja ya kweli. Nilikuwa nimemweka Bibi kwenye tanbihi. Katika ukurasa wenyewe nilimweka Ranger, na chini, kwa herufi ndogo, Bibi akimuunga mkono Ranger. Kama mimi mwenyewe simwamini kiasi cha kumpandisha juu, kwa nini mkaguzi amwamini? Niliandika sura hiyo upya kwa wiki tano, wakati ambapo wenzangu walikuwa wanapima majoho. Hizo ndizo wiki tano mbaya kuliko zote, na leo naona ndizo pekee nilizosoma theolojia.

Kuna jambo jingine kuhusu kumaliza ambalo halisemwi sana hadharani, nami nitalisema kwa kuwa kitabu hiki ni cha waumini. Padri akirudi na shahada ya pili, mtaa husherehekea, anavishwa kanga na vitenge, mbuzi anachinjwa, na moyoni kila mmoja anajua kwamba huenda wanamwaga. Ofisi zinamhitaji, chuo kinamhitaji, mjini wanamhitaji. Kijiji kimesomesha mtu ili kimkose. Cecil Majaliwa alisomeshwa Kiungani, akapelekwa hadi Canterbury, Uingereza, akapewa upadri mwaka 1890, na kazi yake kubwa aliifanya Chitangali, porini, kwa Wayao wenzake. Sisemi kila msomi lazima akae Chitangali. Najua shida za dayosisi zetu mbili na uchache wa watu. Nasema tu kwamba nilipokuwa nangoja matokeo sikujua ninangoja kurudi au kuondoka, na sehemu ya kukosa usingizi ilikuwa hiyo.

Wari wanapokuwa kumbini nao wanangoja kutoka, lakini wanajua watatokea wapi: mlango uleule walioingilia, mbele ya mama zao walewale. Hapo mfano wa Bibi unapungukiwa. Na unapungukiwa pengine zaidi katika hili, kwamba mwari hapewi cheti. Ushahidi kwamba amefundishwa ni namna atakavyomwamkia mzee kesho yake.

Tasnifu ilikubaliwa mwezi wa tatu, kwa marekebisho madogo. Niliposoma ujumbe nilikaa kitandani nikasikia kichwa kitupu, si furaha wala huzuni, kisha nikalala saa kumi na moja mfululizo. Mke wangu alifikiri naumwa.

Kabla ya kupeleka nakala za mwisho niliitafsiri sura ya nne kwa Kiswahili, nikapanda gari Masasi hadi Newala, na baada ya Misa nikawasomea wale niliozungumza nao, pale pale chini ya mkorosho. Walikuwa kumi na mmoja. Wawili walikuwa wamekwisha kutangulia mbele za haki. Kusoma kulichukua saa moja na nusu kwa sababu walinikatiza. Mzee mmoja alitaka jina la padri aliyembatiza babu yake liingizwe. Mama mmoja alisema sehemu ya malango nimeisema kwa upole kupita kiasi, kwamba akina mama hawakuyaacha malango polepole bali waliyakataa siku ile ile, wakanyamaza tu kwa adabu ili Askofu asisikie vibaya. Nilimuuliza anajuaje. Akanitajia mama yake, na mama yake mdogo, na nyumba iliyokaliwa kikao. Hilo halimo kwa Lucas, halimo kwa Ranger, wala sijaliona kwa Stoner-Eby. Nililiingiza usiku ule, kwenye ukurasa wenyewe, si chini.

Bibi alingoja hadi mwisho. Akasema nimeandika vizuri, ila wimbo mmoja nimeuweka mahali pasipo pake: si wa siku ya kutoka, ni wa usiku wa kuamkia kutoka, na ukiimbwa asubuhi una maana nyingine. Nikamwambia nitarekebisha. Nilisahau. Nakala tano zimefungwa jalada gumu jeusi lenye maandishi ya dhahabu, moja iko maktaba ya chuo, na kosa liko ukurasa wa themanini na saba. Katika nakala yangu nimelisahihisha kwa kalamu, na pembeni nimeandika jina la aliyenisahihisha.